Maji Yaliyoingia Lazima Yatoke

Somo la kuzibua bomba la maji machafu nyumbani



Somo hili linahusu kazi isiyopendwa na watu. Ni kazi ya kuzibua bomba la maji machafu. Lisome polepole. Ukikuta neno gumu, lisome tena pamoja na mwenzako. Ndani ya somo kuna hesabu. Mwisho wa somo kuna maswali na kazi ya kufanya.

1. Maji yamefika

Zamani hapa Tinde maji yalipatikana kwa jasho. Kina mama waliamka usiku kwenda kisimani au lamboni. Ndoo moja ilitumika kwa mambo mengi. Maji yaliyosuuza vyombo yalimwagwa kwenye mti au walipewa mifugo. Hayakuwa mengi, kwa hiyo hayakuleta taabu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama. Maji huvutwa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi. Husafishwa, kisha husukumwa ndani ya mabomba hadi huku. Miaka iliyofuata mabomba yaliendelezwa mbele zaidi, na Tinde nayo ikafikiwa.

Tena Tinde iko njia panda. Barabara moja inakwenda Shinyanga na Mwanza. Nyingine inakwenda Isaka na Kahama. Nyingine inakwenda Nzega. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita hapa. Kwa hiyo watu wamejenga vyumba vya kupangisha, migahawa na nyumba za wageni. Wameweka sinki, bafu na vyoo vya maji.

Hayo ni maendeleo. Lakini wengi walipovuta maji walifikiri jambo moja tu: maji yaingie. Hawakufikiri yatatokea wapi.

Fanya hesabu. Nyumba inatumia ndoo 10 za lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 200. Kwa siku 30 ni lita 6,000. Karibu maji yote hayo yatatoka tena, yakiwa machafu. Yasipopata njia, yatatafuta njia yenyewe.

2. Jirani anabisha hodi

Mfikirie mwenye nyumba mmoja. Ana vyumba vinne vya wapangaji. Bomba lake la maji machafu limeziba tangu juzi. Maji yanafurika na kupita chini ya ua. Asubuhi anakuja jirani yake, mama mtu mzima.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Maji ya nyumba yako yameingia uani kwangu. Wajukuu wanayachezea."

"Samahani sana, mama. Bomba limeziba. Mwisho wa mwezi wapangaji wakilipa, nitamwita fundi."

"Mwisho wa mwezi ni mbali, mwanangu. Mjukuu wangu mdogo ameanza kuharisha."

Je, ungekuwa wewe mwenye nyumba, ungejibu nini?

Kwanza, mtoto anayeharisha asingoje. Apelekwe zahanati au kituo cha afya. Njiani aendelee kupewa maji ya dawa ya ORS kidogo kidogo.

Pili, mama huyo hana makosa. Maji machafu si aibu tu, yana madhara. Kama yamechanganyika na ya chooni, yana vijidudu vya kuharisha, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Tunakumbuka mwaka 2015. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Bomba la maji safi likiwa na ufa, na maji ya bomba yakikatika, bomba hilo linaweza kunyonya uchafu ulio nje yake. Maji yakirudi, uchafu ule unakwenda hadi kwenye ndoo ya kunywa. Kwa hiyo dimbwi la maji machafu lililoko juu ya bomba la maji safi ni adui wa mtaa mzima.

Tena kuna mbu aina ya Culex. Hao hupenda kuzaliana katika maji machafu. Huuma usiku. Katika sehemu za pwani mbu hao hueneza matende na mabusha.

Tatu, iko sheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakataza kuacha kero inayohatarisha afya za watu. Afisa afya anaweza kukuamuru uiondoe. Lakini ni bora kuiondoa kabla hajaja.

Mwenye nyumba yule alidhani hana fedha, kwa hiyo hana la kufanya. Hapo ndipo alipokosea. Njia nyingi za kuzibua bomba hugharimu fedha kidogo. Tujifunze njia hizo.

3. Ijue njia ya maji

Huwezi kuzibua njia usiyoijua. Toka nje, tembea, uifuate.

Maji yakitoka kwenye sinki hupita kwanza katika bomba lililopinda, chini ya sinki. Watu wengine hulikata bomba hilo wakidhani fundi alikosea. Usilikate. Mle ndani hubaki maji kidogo wakati wote. Maji hayo huzuia harufu mbaya na mende wasipande ndani ya nyumba.

Baada ya hapo maji hupita katika bomba la chini ya ardhi hadi kwenye chemba. Chemba ni kisanduku cha matofali na simenti chenye mfuniko. Kazi yake ni kukuwezesha kuona ndani ya njia. Kutoka kwenye chemba, maji huenda kwenye shimo la maji machafu.

Bomba lazima lilazwe kwa mteremko. Kwa bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita 1 unafaa. Mteremko ukiwa mdogo, uchafu hukaa njiani.

4. Kwa nini bomba huziba?

Jikoni adui mkubwa ni mafuta. Tazama sufuria ya supu ya ng'ombe. Jioni mafuta ni maji. Asubuhi yameganda, meupe. Ndivyo yanavyofanya ndani ya bomba. Huingia yakiwa ya moto, hupoa njiani, hugandia kando ya bomba. Kisha hunasa ugali, wali, majani ya chai, na mchanga au majivu ya kusugulia sufuria. Siku kwa siku njia huwa nyembamba, mpaka inaziba.

Bafuni huziba nywele, vipande vya sabuni, nyuzi za dodoki na nyembe.

Chooni huziba matambara, pedi, nepi za watoto na mifuko ya plastiki. Vitu hivyo havioki upesi kama kinyesi.

Nje huziba mizizi ya miti na mchanga unaoingia na maji ya mvua. Tena bomba lenyewe huweza kukatika chini ya ardhi.

5. Tafuta mahali palipoziba

Mtu mwenye haraka huchimba uwanja mzima. Mtu mwenye akili hutazama kwanza. Fuata hatua hizi.

Sinki moja tu haishushi maji, lakini bafu linashusha. Basi kasoro iko karibu na sinki hilo.

Sinki, bafu na choo vyote vinakataa pamoja. Basi kasoro iko kwenye bomba kubwa, au mbele yake.

Sasa funua chemba. Funua polepole, uso wako uwe mbali, usiwashe kiberiti wala sigara. Kama chemba ni kavu, bomba limeziba kati ya nyumba na chemba. Kama chemba imejaa maji, kasoro iko mbele: ni bomba la kwenda shimoni, au shimo lenyewe limejaa.

Kazi hii ya kutazama haina malipo. Lakini inakuokoa usilipe kwa kazi isiyotakiwa.

6. Njia za kuzibua

Anza na njia rahisi. Ikishindikana, nenda kwenye inayofuata. Vaa glavu za mpira, au mifuko ya plastiki mikononi. Weka watoto mbali. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Njia ya kwanza: mkono. Ondoa chujio la sinki au la bafu. Toa nywele na uchafu kwa mkono wenye glavu, au kwa kipande cha waya kilichopindwa ncha kama ndoano. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Njia ya pili: maji ya moto na magadi. Njia hii inafaa kwa mafuta ya jikoni. Chukua magadi ya kawaida ya sokoni, kiasi cha kikombe kimoja. Yayeyushe katika maji ya moto, pamoja na sabuni ya unga. Usimwage maji yanayochemka katika bomba la plastiki. Bomba la plastiki hulegea kwa joto kali. Chemsha maji, kisha yachanganye na maji baridi kiasi kile kile. Mimina polepole. Ngoja nusu saa. Kisha mimina ndoo ya maji kwa nguvu.

Njia ya tatu: mpira wa kuzibulia. Ni kikombe cha mpira chenye mpini wa mti. Weka maji katika sinki hadi mpira ufunikwe. Ziba kwa kitambaa tundu la juu la sinki, kama lipo. Kandamiza mpira juu ya tundu la chini. Sukuma na kuvuta, sukuma na kuvuta, mara 15 au 20. Usitoe mpira katikati ya kazi. Kuvuta ndiko kunakotoa uchafu, siyo kusukuma peke yake.

Njia ya nne: fungua bomba lililopinda. Weka ndoo chini yake. Fungua kwa mkono pete zake za plastiki. Toa uchafu, lisugue, lirudishe. Tazama kama linavuja. Maji ya ndoo hiyo usiyamwage katika sinki lile lile.

Njia ya tano: waya wa kuzibulia, au fimbo za plastiki zinazoungana. Hizi ni za bomba refu la nje. Ingiza kutoka kwenye chemba, kwa kuzungusha upande mmoja tu. Ukizungusha kinyume, fimbo zinaweza kufunguka na kubaki ndani. Usitumie nondo. Nondo hutoboa bomba la plastiki, na utakuwa umenunua kazi nyingine.

7. Jihadhari na dawa kali

Dukani utaona dawa za kuzibua. Nyingi zimetengenezwa kwa kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Dawa hiyo hugeuza mafuta yawe kama sabuni, ndipo hupita. Ni kweli inafanya kazi. Lakini huunguza ngozi na macho. Imepofusha watu.

Sasa unajua kusoma. Kabla ya kuitumia, soma maandishi ya kopo, yote. Kisha shika mambo haya:

Weka maji kwanza, halafu ndipo utie soda kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda. Huchemka ghafla na kuruka usoni.

Koroga katika ndoo ya plastiki ngumu. Usitumie sufuria ya aluminiamu. Soda huila aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto.

Usichanganye dawa mbili. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe ikikutana na asidi ya kusafishia choo, hutoka gesi ya klorini. Gesi hiyo huunguza mapafu.

Usitumie mpira wa kuzibulia baada ya kutia dawa kali. Maji yatakurukia.

Usiihifadhi katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto ataidhania kinywaji.

Dawa ikikurukia, osha mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na kopo la dawa.

Na dawa hizi hazifai kitu kama kilichoziba ni nepi au mchanga.

8. Usiingie shimoni

Sehemu hii isome mara mbili.

Shimo la maji machafu lina hewa mbaya. Uchafu unapooza hutoa gesi. Gesi mojawapo hunuka kama yai viza. Lakini ikizidi, pua haiinusi tena. Mtu hudhani hewa ni nzuri, kumbe inamuua. Huanguka kwa pumzi chache tu.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Kahama na Shinyanga wanalijua jambo hili. Duara lenye hewa mbaya halina huruma. Shimo la maji machafu ni hivyo hivyo, hata kama halina kina kirefu.

Tena ajali hizi huua watu wawili, watatu. Mmoja anaanguka. Ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Wa tatu anafuata. Kila mmoja alikuwa na nia njema.

Kwa hiyo usiingie, wala usimtume kijana aingie kwa malipo. Mtu akitumbukia, usimfuate. Piga kelele, ita watu, fungueni mifuniko yote hewa iingie. Piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Kama mtu anaweza kushika kamba, mtupieni kamba, mmvute mkiwa nje.

Shimo likijaa, ita gari la kunyonya maji machafu. Utajuaje limejaa? Kama shimo lako ni tangi la simenti, chukua mti mrefu. Uzamishe ukiwa nje, mpaka uguse chini, kisha uutoe. Tazama alama ya tope. Tope likifika theluthi moja ya kina cha tangi, wakati wa kulinyonya umefika.

Na mfuniko uwe mzima na mzito. Mfuniko uliopasuka ni mtego kwa watoto na mifugo.

9. Udongo wetu

Nyumba nyingine huzibua kila mwezi, lakini bomba halina kosa. Kosa ni la udongo.

Wazee wetu wanaujua udongo kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga. Huo hunywa maji. Mbuga ni udongo mweusi mzito. Huo haunywi. Ukilowa huvimba. Ukikauka hupasuka nyufa pana. Kuvimba na kupasuka huko huvuta bomba na kulikata. Ndiyo maana mashimo mengi ya mbugani hufurika wakati wa masika.

Pima udongo wako kabla ya kuchimba. Chimba kishimo cha upana na kina cha sentimita 30. Kijaze maji, yaache yanywewe. Kijaze tena. Simika kijiti chenye alama, uangalie kwa saa moja. Maji yakishuka vizuri, shimo la kunywea maji litafaa. Yakikaa pale pale, udongo hauyataki.

Mahali pa mbuga, usipoteze fedha kwa shimo la mawe. Jenga tangi la simenti la kunyonywa na gari kwa ajili ya choo. Maji ya jikoni na bafuni yapeleke kwenye tuta lililoinuliwa la migomba au miti. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Popote utakapochimba, liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Tena liwe upande wa chini wa mteremko, siyo upande wa juu wa kisima.

10. Hesabu ya gharama

Bei hubadilika. Bei zifuatazo ni za mfano, ili tujifunze hesabu. Kando yake andika bei za dukani kwenu.

Kufanya mwenyewe:
Glavu, sh. 3,000.
Mpira wa kuzibulia, sh. 5,000.
Magadi, sh. 1,000.
Chujio la sinki, sh. 1,000.
Jumla, sh. 10,000.

Kumwita fundi bomba:
Mara moja, sh. 25,000.
Mara tatu kwa mwaka, sh. 75,000.

Kuita gari la kunyonya:
Safari moja, sh. 120,000.

Kisanduku cha kunasa mafuta:
Ndoo yenye mfuniko, sh. 8,000.
Vipande vya bomba, sh. 7,000.
Gundi, sh. 3,000.
Jumla, sh. 18,000.

Sasa tazama. Vifaa vyako pamoja na kisanduku ni sh. 28,000. Kama vitakuepusha kumwita fundi mara tatu, umeokoa sh. 47,000 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili glavu tu ndizo zitakazohitaji kununuliwa tena, na magadi.

Gari je? Kama shimo linanyonywa mara moja kwa mwaka, gawa sh. 120,000 kwa miezi 12. Ni sh. 10,000 kwa mwezi. Mwenye vyumba vinne atenge sh. 2,500 katika kodi ya kila chumba. Siku shimo litakapojaa, fedha ipo. Hatangoja mwisho wa mwezi.

11. Andika mapatano na fundi

Kazi nyingine humtaka fundi. Bomba likikatika chini ya ardhi, mwite. Lakini watu wengi hugombana na mafundi kwa sababu walipatana kwa maneno matupu. Uliza kwanza: bei ni ya kazi nzima au ya siku? Nani ananunua vifaa? Bomba likiziba tena baada ya siku tatu, itakuwaje? Kisha andika, hivi:

Tarehe: ......
Kazi: Kuzibua bomba kutoka jikoni hadi chemba.
Bei ya kazi nzima: sh. 25,000.
Vifaa: Atanunua mwenye nyumba.
Malipo: Sh. 10,000 kabla ya kazi. Sh. 15,000 maji yakipita.
Likiziba tena ndani ya siku 7, fundi atarudi bila malipo.
Sahihi ya fundi: ......
Sahihi ya mwenye nyumba: ......

Karatasi hiyo ndogo inamlinda fundi, nawe inakulinda.

12. Kuzuia ni bora

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mambo haya yazuie mapema:

Futa mafuta ya sufuria kwa karatasi au majani kabla ya kuosha. Usimwage mafuta ya kukaangia katika sinki.

Makombo yape kuku au yatupe shimo la taka. Mchanga na majivu ya kusugulia visiingie katika sinki.

Weka chujio kila tundu. Lisafishe kila siku.

Weka ndoo yenye mfuniko chooni kwa ajili ya pedi na nepi. Waeleze wapangaji wote, na bandika karatasi ukutani.

Kila Jumamosi mimina ndoo moja ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni.

Mwenye mgahawa aweke kisanduku cha kunasa mafuta kati ya sinki na bomba la nje. Maji huingia upande mmoja wa ndoo. Mafuta huelea juu na kuganda. Maji hutokea upande wa pili, kwa bomba ambalo mdomo wake umeshuka chini ya mafuta. Toa mafuta kila wiki, uyafukie.

Usimwage katika sinki asidi ya betri wala zebaki ya kukamatia dhahabu. Zebaki haiozi. Itakaa chini na kuwadhuru watu miaka mingi.

Mwisho

Turudi kwa mwenye nyumba yule. Alifunua chemba, akaikuta kavu. Akajua kasoro iko kati ya jikoni na chemba. Aliazima fimbo za plastiki kwa jirani wa pili. Kabla ya adhuhuri alitoa bonge la mafuta na kitambaa cha kuoshea vyombo. Maji yakaenda. Kisha alichukua koleo, akafukia dimbwi la uani kwa yule mama, akamwuliza hali ya mtoto. Walikuwa wamekwisha kumpeleka kituo cha afya.

Fedha aliyotumia ilikuwa ndogo. Alichokosa mwanzoni hakikuwa fedha. Alikosa kujua aanzie wapi. Wewe sasa unajua.

Maneno ya kujifunza

Chemba: kisanduku cha kutazamia njia ya maji machafu.
Kero: jambo linaloudhi au kudhuru watu.
Theluthi: sehemu moja ya tatu.
Mapatano: maneno ambayo pande mbili zimekubaliana.

Maswali

1. Bomba lililopinda chini ya sinki lina kazi gani?
2. Chemba ikijaa maji, kasoro iko upande gani?
3. Kwa nini hatuchanganyi kostiki soda katika sufuria ya aluminiamu?
4. Mtu akianguka ndani ya shimo, utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Nyumba inatumia ndoo 15 za lita 20 kwa siku. Ni lita ngapi kwa siku 30?
6. Shimo linanyonywa kwa sh. 144,000 kwa mwaka. Utenge shilingi ngapi kila mwezi?

Majadiliano ya darasa

Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka. Je, katika mtaa wetu maji machafu yanasimama wapi? Ni ya nyumba moja, au ya nyumba nyingi? Nani anunue fimbo za kuzibulia ili kitongoji kizima kiziazime?

Kazi ya nyumbani

Chora njia ya maji machafu ya nyumba yako, kutoka sinki hadi shimo. Andika jina la kila sehemu. Weka alama mahali unapodhani panaziba. Lete mchoro wako darasani siku ya kisomo ijayo.